Taluka, Siyo Talaka

Nina tabia moja siipendi. Siwezi kumpa mtu kitu nilichokiandika mpaka nikisome mara nyingi, hadi nifike mahali ambapo sikioni tena. Hata ujumbe wa kumwambia mama kwamba nimefika salama naufuta na kuuandika upya, na kwa kawaida yeye hupiga simu kabla sijautuma.

Kiswahili hiki ninachoandika sikufundishwa na mtu. Kwetu Uvira, Kongo, tunasema kwa namna yetu, na hapa Johannesburg nilikokulia shule ilikuwa ya Kiingereza, uwanjani Kizulu. Nilijifunza mwenyewe kwa kamusi kuukuu tuliyoikuta katika chumba tulichopanga Rosettenville. Kurasa za herufi A zilikuwa zimenyofoka. Mpaka leo maneno yanayoanza na A yananitia wasiwasi.

Kazi yangu ni kukata vitambaa katika duka moja la Jules Street, kule Malvern. Mwenye duka ni Mhindi, lakini anayetawala ni mama yake, bibi mfupi anayekaa kando ya droo za zipu na kuona kila mkasi unapoelekea. Alikulia Tanga, akaja huku uzeeni kumfuata mwanawe. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikiongea na mteja kutoka Bujumbura, akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa.

"Kumbe unasema Kiswahili! Basi niite Ba, kama wote."

"Ba si ni baba?"

"Kwenu ni baba. Kwetu ni mama. Na hapa dukani ni kwetu."

Ndivyo tulivyoanza. Alinirekebisha "mupaka" na "muzuri", nami nikampenda kwa hilo, maana mimi ni mtu wa kupenda kurekebishwa, mradi iwe kwa upole na pasiwe na watu.

Siku moja mwaka huu aliniomba jambo. Alizaliwa Gujarat, India, kijijini, katika sehemu wanayoiita taluka. Alipokuwa na miaka tisa baba yao aliwahamishia Tanga, yeye na mdogo wake wa miaka minne. Huyo mdogo bado yuko Tanga, na wajukuu zake humuuliza, "Bibi, kwenu hasa ni wapi?" Hakumbuki chochote. Anayekumbuka ni Ba peke yake, na mikono ya Ba inatetemeka. Tena wale wajukuu herufi za Kigujarati hawazijui, wanasoma Kiswahili.

"Wewe unaandika," aliniambia. "Niandikie kwetu. Historia yake na watu wake. Karatasi mbili tu. Mwanangu anakwenda Tanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, atampelekea. Mimi nikiondoka kabla hajajua, atabaki mtu asiye na kwao."

Nikasema ndiyo. Jioni hiyo hiyo nikafungua daftari.

Nilikwama kwenye neno la kwanza. Taluka ni nini kwa Kiswahili? Ni eneo la utawala, vijiji vingi na mji mmoja mdogo wenye ofisi ya ardhi, kubwa kuliko kata na dogo kuliko mkoa. Ba alisema ni tarafa. Mama yangu, ambaye husuka nywele saluni iliyo mkabala na duka letu, alisema bila kuinua macho kwenye rasta, "Hiyo ni teritware, kama ya kwetu," yaani wilaya kwa Kifaransa chetu cha Kongo. Nikaandika tarafa, nikafuta. Nikaandika wilaya, nikafuta. Mwishowe nikaliacha kama lilivyo, taluka, na kulieleza mara moja. Sentensi hiyo moja ilinichukua wiki nzima.

"Weye utaandika mupaka lini?" mama aliniuliza. "Hata Biblia iliisha kuandikwa."

Kisha ikaja idadi ya watu. Nilisoma kila nilichopata mtandaoni, na kurasa mbili zikanipa hesabu mbili zisizokubaliana. Moja ilihesabu mji pamoja na vijiji. Nyingine sikuelewa imehesabu nani. Nilimpelekea Ba shida yangu kama mgonjwa anavyompelekea daktari kidonda.

"Katika hesabu hizo," akauliza, "mimi nimo?"

"Hapana, Ba. Wanahesabu waliopo."

"Na mdogo wangu?"

"Hayumo."

"Basi hesabu yenyewe haijaisha. Unagombana nayo ya nini?"

Nikaandika kwamba wakazi wengi ni wakulima wa karanga na pamba, kwamba wako wafugaji, wafinyanzi na wafumaji, na kwamba wengi waliondoka kila mvua zilipokosa. Nikaandika kwamba zamani eneo lilikuwa chini ya mtawala mdogo wa kwao, naye akiwa chini ya Waingereza, mpaka nchi ilipopata uhuru na himaya ile ndogo ikaunganishwa na nyingine. Hayo niliyahakiki. Lakini Ba alitaka na tembo.

"Mtawala alikuwa na tembo mmoja mzee. Alimfunga uani. Baba alitupeleka kumwona kabla ya safari, mdogo wangu nikiwa nimembeba mgongoni."

"Ba, nimetafuta kote. Vitabuni hayumo."

"Hayumo vitabuni kwa sababu alikuwa uani."

Hapa naungama. Katika nakala safi nilimtoa tembo. Nilijiambia kwamba wajukuu watakapokua na kutafuta wenyewe, wasimkute, watasema aliyeandika alikuwa mwongo. Ukweli ni kwamba sikuwafikiria wajukuu. Nilikuwa nalinda jina langu, na karatasi yenyewe haikuwa hata na jina langu.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari, nilimsomea Ba. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipomaliza hakunisifu.

"Tembo yuko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za ushahidi. Akanitazama hivi hivi, bila hasira, akasema, "Umewaandika watu ambao hujawaona. Mimi nimemwona tembo, na ninakaa mbele yako."

Kompyuta ya duka ilikuwa imeshikwa na mwanawe. Nikaketi juu ya majora ya kitambaa na kuichapa nakala nzima upya kwenye simu, mwanzo hadi mwisho, pamoja na tembo, kwa sababu nilitaka aingie mahali pake na siyo kubandikwa pembeni. Nikakimbia kuchapisha kwenye duka lililo karibu na roboti, yaani taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu na mimi nikivuka. Nilihakiki kila koma. Nikatia karatasi mbili kwenye bahasha, nikampa.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaifungua nakala yangu ili niifurahie.

"Talaka hii ilikuwa chini ya mtawala mdogo." Nikasoma tena. "Wakazi wengi wa talaka ni wakulima." Simu yangu, inayojifanya kujua Kiswahili, ilikuwa imelibadilisha neno kila mahali. "Talaka yetu ina mto mmoja, nao hukauka kiangazi." Wiki nzima nililihangaikia neno hilo moja, na ndilo lililoharibika.

Nililia, siwezi kudanganya. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikatafuta asili ya maneno. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini si ndugu. Taluka imetoka kwenye neno la kushikamana na kitu, kuning'inia hapo. Talaka ni kuachiliwa. Nilikuwa nimeandika kinyume kabisa.

Jumatatu nilifika dukani mapema ili niseme kabla sijasemwa. Nilimkuta Ba ameketi, simu mkononi.

"Ba, nimekosea. Ile karatasi..."

"Nyamaza, sikia."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, imerekodiwa Tanga. Kwanza kicheko tu, kirefu, na nyuma yake kelele za watoto. Kisha: "Dada, wajukuu wamenisomea. Ati talaka yetu ina mto mmoja, nao hukauka! Kumbe kwetu walituacha na hakuna aliyeniambia? Mimi ningekaa eda kabisa, nivae na nguo nyeupe!" Watoto wakacheka. Ba naye akacheka, ingawa ilikuwa dhahiri ameshaisikiliza mara nyingi. Mimi nilitamani kuingia ndani ya droo ya zipu.

Halafu sauti ikashuka.

"Lakini dada, yule tembo. Yuko uani, ana mnyororo mguuni, na mimi namtazama kutoka juu, nina shavu langu kwenye nywele zako. Miaka yote mimi nilidhani nilimwota. Sikumwambia mtu, wasije wakasema nina kichaa. Kumbe ni kwetu."

Mnyororo sikuuandika. Ba hakuwahi kunitajia mnyororo.

Ba akairudisha nyuma, akaisikiliza tena kutoka kwenye tembo. Akanishika mkono wa kushikia mkasi, na mkono wake ukatulia kidogo.

"Ba," nikasema, "nitaandika nyingine. Nitasahihisha neno lile kila mahali."

"Sahihisha. Mimi sikuachika." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Na mnyororo utie."

Nikatoa simu, pale pale kabla wateja hawajaingia, nikaandika: taluka. Safari hii ikanipigia tu mstari mwekundu chini yake. Nikauacha, nikaendelea na tembo.