Mkono Ambao Bibi Alikataa Nitoe

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kule mtaani Buyenzi, nilinyimwa shule kwa ajili ya mstari mmoja wa kiganja. Nikisema hivyo wajukuu wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini changu ni kicheko cha mtu aliyechoka. Kuna waliokosa shule kwa umaskini, kuna waliofukuzwa na vita. Mimi, ni mstari. Hata kulalamika mbele ya watu naona haya.

Mama yangu alikuwa amefariki. Nililelewa na Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaanga sambusa mbele ya nyumba yetu. Baba alikuwa fundi wa nguo. Mwaka ule akaniambia mvua zikianza nitaingia shule, na kabla hata wingu halijaonekana akanishonea nguo, na mifuko mbele, akaitundika juu ya cherehani yake. Kila nikipita nilishika pindo lake.

"We mutoto," Bibi akasema, "utaimaliza hiyo nguo kwa kuishika."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo sasa, kabla sijakasirika. Alikuwa mwoga tu. Mdogo wake alisoma sana ujanani, kisha akili ikamruka. Akawa anazunguka sokoni akiwasomea watu karatasi zilizofungiwa karanga. Mtaani walisema vitabu vimemrudia. Tangu hapo Bibi aliamini kila kichwa kina kipimo chake, na ukikijaza kupita kipimo kinapasuka kama mtungi. Basi kabla sijaenda shule alitaka kujua kipimo cha changu.

Wa kukijua, kwa maneno ya mtaa mzima, alikuwa Ba. Huyo alikuwa mama yake Muhindi mwenye duka mjini, Baba alikokuwa akinunua nyuzi na vitambaa. Wanawe walimwita Ba, na sisi tukamwita hivyohivyo. Alikaa nyuma ya duka na sari yake nyeupe, akiwatazamia watu viganja kwa elimu ya wazee wa kwao India.

Baba hakupenda. "Mama, mutoto anapelekwa shule, hapelekwi kwa mupiga ramli."

"Apana ramli," Bibi akajibu. "Mungu ndiye ameandika. Ule anasoma tu."

Tukaenda asubuhi, mimi nimepakwa mafuta mpaka masikioni. Ba akanitazama, akanyoosha kidole. "Leta mkono. Ile. Ya kushoto."

Nikautoa. Bibi akaupiga kofi ukarudi ubavuni kwangu wenyewe.

"Kushoto? Mbele ya mutu mukubwa? Nani amekufundisha adabu hiyo? Toa wa kuume!"

"Hapana, mama, mtoto mwanamke naangalia kushoto," Ba akasema. "Mwanaume, kulia. Mwanamke, kushoto."

Bibi akanigeukia kana kwamba Ba hajui Kiswahili. "Anakupima huyu. Anataka kuona kama umelelewa. Kuume, nakuambia!"

Nikatoa wa kuume. Ningefanya nini? Nyumbani kwetu mkono wa kushoto ulijulikana kazi yake, na haukuwa mkono wa kupewa mtu. Mtoto aliyepokea hata pipi kwa kushoto alinyang'anywa. Ba akaangalia juu, akapumua, akakichukua kiganja changu kama mtu anayepokea chenji pungufu lakini hana nguvu za kugombana.

Nakumbuka kucha yake ikitembea. Akaanzia kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hii ya maisha, nazunguka chini. Hii ya kichwa. Angalia, naanza pamoja na maisha: mtoto iko na uangalifu. Kama naanguka chini huku, upande ya mwezi, mtu ya ndoto. Hii haianguki. Nakwenda sawa, sawa. Mtoto ya hesabu." Moyo wangu ukapanda. Halafu kucha ikasimama, chini ya kidole cha kati. "Hapa nakatika."

"Umesikia?" Bibi akasema. Hakufurahi. Aliogopa kwelikweli.

Ba akainama karibu zaidi. "Hii nini? Hii si ya kuzaliwa."

"Moto. Moto mudogo tu," Bibi akajibu, na hapo tayari ameshasimama, ananivuta.

Ulikuwa moto wa karai yake. Nilikuwa nimeshika ukingo wa karai la sambusa, lina mafuta yanachemka, kwa sababu yeye aliniita niliondoe haraka. Ukingo uliniachia kovu lililonyooka kama limepigwa rula, limepita juu ya mstari wa kichwa na kuufunika. Ba alikuwa anaita nyuma yetu, "Mama, mkono nyingine! Rudi, mama!" Bibi hakugeuka. Alikuwa amekwisha kusikia alichokiogopa, na mtu akisikia anachokiogopa haombi asikie tena.

Nyumbani Baba alipiga kelele siku hiyo, yeye ambaye hakuwa mtu wa kelele. "Mama, ni kovu! Kovu ya karai yako!"

"Na nani alipenda karai imuguse hapo, isimuguse pengine? Unataka mutoto wako naye azunguke soko na karatasi za karanga? We ulimubeba mujomba wako siku wamemufunga kamba? Mi nilimubeba!"

Baba akarudi kwenye cherehani yake. Kwetu mtoto habishani na mama yake mpaka akalia, na Bibi alikuwa analia. Mvua zikaanza. Ile nguo akapewa Zena, mtoto wa jirani, maana kitambaa hakitupwi. Kila asubuhi Zena alipita mbele yetu, mikono ndani ya mifuko yangu, na mimi nimekaa kwenye karai. Lilelile. Karai limenikata mstari, na mstari umenirudisha kwenye karai. Mtu afanye nini na jambo kama hilo, kama si kucheka?

Basi nilidhani hayo yameisha. Bibi alikufa, Mungu amrehemu, nami nilimwosha kwa mikono hiyohiyo. Nimezaa, nimezika, nimehamia Carama kwa mwanangu. Juzi mjukuu wangu Shadya akakataa kwenda shule. Ameanguka mtihani, anatakiwa arudie darasa, na asubuhi yuko kitandani na telefoni.

"Mustari ya kichwa yangu ni fupi, bibi. Kuna porogaramu kwa telefoni, imeangalia mukono yangu. Ni ya Wahindi, iko vrai, kweli kabisa."

Ilinipanda hasira mpaka nikakaa chini. Nikamwambia anisomee hicho kitu kinasemaje. Akasoma kwa Kifaransa, akanigeuzia: wanawake wapige picha ya mkono wa kushoto. Loo! Ba alisema hivyohivyo, na telefoni haina Bibi wa kuipiga kofi. Shadya akanishika, akanipiga picha ya kushoto, akangoja, akapiga yowe.

"Bibi! Yako inafika mpaka ng'ambo! Ungekuwa professeur!"

Kitambo nilimkasirikia Bibi upya, marehemu wa watu. Kisha nikajiuliza: ningetoa wa kushoto, nikapelekwa shule kwa sababu ya mstari mrefu, hiyo ndiyo haki? Na mwenye mfupi wa kuzaliwa, ambaye hakuungua popote, yeye angekaa kwenye karai bila hata mtu wa kumlilia? Baba peke yake ndiye hakuangalia mkono. Aliangalia mtoto, akapima mabega, akashona.

Nikatoka uani, nikaanua sare ya Shadya kwenye kamba, bado ina unyevu kwenye kola.

"Vaa."

"Na kama ni kweli, bibi? Kama ni fupi kweli?"

"Kama ni fupi, ibebe hivyohivyo fupi uende nayo. Kwenye mulango wa shule hawapimi."

"Nguo ni mbichi."

"Itakaukia njiani. Toka!"

Alitoka akinuna, mkoba begani, akiburuza viatu ili nisikie. Nilisimama mlangoni mpaka alipokata kona, sikumwamini. Kisha nikakaa, na, nikwambie ukweli, nikafungua kiganja cha kuume nikakitazama juani. Kovu limefifia, uzee umelilamba. Mstari unaingia chini yake, unatokea upande wa pili, unaendelea zake.

Kinachonikera ni kwamba niliangalia. Nikafunga mkono, nikaenda kuosha vyombo.