Njia ya Kuzunguka Mashamba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, enzi za Mwingereza, mama yangu alijifungua mapacha na mvua ikakatika wiki hiyo hiyo. Mtu mzima wa leo atasema mambo hayo mawili hayahusiani. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kolandoto penye hospitali ya misheni, hakuna aliyesema hivyo, na mimi pia sikusema.

Kwetu Usukumani mapacha walikuwa jambo la kutisha. Mama aliyewazaa alipaswa kusafishwa. Desturi ilikuwa wanawake waliowahi kuzaa mapacha waje na ngoma, waimbe matusi ambayo siku nyingine yangewaletea kipigo, wamnyunyizie dawa yeye na watoto. Kabla ya hapo hakuruhusiwa kukanyaga shamba la mtu. Akikanyaga, mimea hukauka na mawingu hupita. Na pacha mmoja hurudi alikotoka. Hili la mwisho nilielezwa na Bibi, mama yake baba, huku akinitafuta chawa. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo maana liliniogopesha.

Mama alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia. Alikataa kusafishwa. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba watoto ni wa Mungu na ameshawakabidhi. Baba alikuwa machimboni Geita, hivyo hakukuwa na wa kumlazimisha wala wa kumtetea. Kisimani wenzangu walinikimbia. Jina langu ni Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. "Kabula gani wewe," walinicheka, "na mama yako kaifunga mvua?"

Mtama ulikuwa umefika magotini na majani yameanza kujikunja wakati Doto, yule pacha wa pili, aliposhikwa na homa. Asubuhi ya pili akaacha kunyonya. Mama akamfunga kifuani, mimi nikabebeshwa Kulwa, yule wa kwanza, mgongoni, tukatoka kwenda hospitali ya misheni. Njia fupi ilipita katikati ya mashamba. Nyingine ilikuwa njia ya ng'ombe, iliyozunguka mashamba yote mpaka mbugani. Ilikuwa ndefu mara mbili.

Jirani yetu Mama Holo alikuwa akipalilia. Alipotuona alisimama njiani, jembe mkononi.

"Mwangaluka, Mama Kabula. Simama hapo hapo."

"Mwangaluka. Mtoto anaungua, nipishe."

"Naona, macho ninayo. Na mimi nina watoto sita, na huu mtama ndio chakula chao. Kasafishwe kwanza."

Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemkata Doto kitovu.

Nyuma yetu Bibi alikuwa anakuja mbio, na kibuyu cha dawa na mkia wa ng'ombe. "Mwanangu," alimwambia mama akihema, "sikuletei ngoma. Matone tu. Nikunyunyizie hapa hapa, upite. Mungu wako hatakosa usingizi kwa matone."

Mama Holo akashusha jembe. Matone yatamtosha, alisema. Angetupisha, tena angetusindikiza na kumbeba Kulwa.

Mama alikitazama kile kibuyu. Alikitazama muda mrefu hadi nikadhani amekubali. Nami nikapiga kelele, "Mayu, kubali! Kubali, Doto atakufa!" Nyumbani mama tulimwita mayu.

"Nyamaza, Kabula." Kisha akamgeukia Bibi, taratibu. "Mama, yangekuwa maji tu ningekubali. Lakini nikinyunyiziwa hiyo nitakuwa nimesema watoto hawa wamo mikononi mwa dawa. Wanaye mwenyewe tayari." Akamtazama Mama Holo. "Na shamba lako sitalikanyaga. Sitaki ulale na hofu kwa ajili yangu. Tutazunguka."

Bibi alikaa chini pale pale, akaanza kulia kilio cha msiba. Doto alikuwa hai, na bibi yake anamlilia.

Tukazunguka. Jua likapanda. Mama alinipa kazi: nitembee ubavuni mwake, nitazame utosi wa Doto, nimwambie ukiacha kucheza. Sijawahi tena kutazama kitu kwa hofu kama ile, ngozi laini ya kichwa cha mtoto ikipanda na kushuka. Karibu na mbuga sikuiona ikipanda.

"Mayu, umeacha."

Mama akapiga magoti vumbini. Nilitegemea apige kelele, amtikise, arudi mbio kwa Bibi. Badala yake alisema, si kwa sauti kubwa, "Baba, ukimchukua, ni wako. Ukiniachia, nitamlea. Mimi sirudi nyuma."

Nilisikia mama yangu akimtoa ndugu yangu. Nikamfunika Kulwa kwa mikono yote miwili huko mgongoni, nikarudi nyuma hatua kadhaa, ili Mungu asione kwamba yuko mwingine.

Doto akashtuka, akalia, kilio chembamba kama cha mtoto wa paka. Mama akainuka. Hata amina hakusema, tukaendelea.

Tulifika hospitali, na Doto alipona. Baadaye tuligundua kwamba sikio lake la kushoto halisikii, na Bibi akasema hiyo ndiyo sehemu iliyochukuliwa. Mvua ilinyesha kwa kuchelewa, kidogo, juu ya mashamba yote, na kila nyumba ikavuna kidogo, yetu na ya Mama Holo. Hakuna aliyeweza kusema ameshinda. Mama aliendelea kuzunguka mashamba ya watu hadi mavuno.

Kwa miaka mingi niliamini mama hakuwa na hofu, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa watano. Wa mwisho alipolazwa akisubiri kupasuliwa, nilikwenda kwa mama. Nilimkuta akimenya karanga.

"Mayu, siku ile ya Doto hukuogopa?"

"Nilijikojolea," alisema. "Pale nilipopiga magoti. Kaniki ni nyeusi, hukuona." Akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba mimi siwezi kumwachia Mungu mtoto wangu kama alivyofanya yeye, kwa sababu ninaogopa mno. Sikulisema tena. Nilivuta ungo karibu, tukamenya wote, na tulipomaliza nikarudi hospitali.