Safari ya Kibali cha Fromaji, Aveba hadi Bunia

Kila asubuhi mama yangu alikuwa anamwaga maziwa ya jana chini. Kwetu Aveba ng'ombe wako, majani yako, wanunuzi ndio hawako. Nikajifunza kutengeneza fromaji, yaani jibini. Mbili za kwanza zilifika Bunia kwa kuonjwa, na mwenye restora mmoja, mkahawa wa mjini, akatuma habari kwamba atachukua kumi kila wiki, ila nimletee kibali cha serikali kabla mwezi haujaisha. Mwezi ukiisha bila kibali, atachukua kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa nyumbani. Nilikuwa nimeshachagua mpaka rangi ya mlango wa nyumba yangu ya fromaji: njano.

Jumatatu asubuhi, Aveba. Simu ya nyumbani ni moja. Laini iko kwa jina langu, lakini nilimwachia mama, kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa, na mambo yakiharibika ni lazima apande kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu, amwite daktari wa mifugo. Mimi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi.

“Unaenda fanya nini Bunia?” dereva wake, motari, akauliza.

“Kutafuta kibali. Sasa inafanyikaka mu mashine. Redio ilisema ni dakika kumi.”

Alicheka mpaka moto ikayumba. “Dakika kumi! Na nguo umebeba ya siku ngapi, ndugu?”

Nilikuwa nimebeba shati moja.

Gety, kisha Bogoro. Mvua ilikuwa imepita kabla yetu, kwa hiyo sehemu nyingine tulisukuma moto kuliko moto kutubeba. Kwenye kila kizuizi niliombwa karte, kitambulisho changu, na kila mara nilitabasamu, maana nilikuwa nawaza mlango wangu wa njano. Bogoro tulikula ndizi za kuchoma, tukateremka kuelekea mjini.

Saa tisa mchana, Mudzipela, mtaa wa Bunia. Nilifikia kwa mjomba wangu. Siye tunamwita Noko Anselme. Miaka mingi alipiga barua za watu kwa mashine ya kuchapa. Sasa ana ordinatere, yaani kompyuta, printere na paneli ya jua juu ya bati, na kila mtu aliyeshindwa na sistemu ya vibali anapita kwake. Alinikumbatia, akanipa chai, akaanza kazi hapo hapo.

Sistemu ilikuwa na visanduku viwili vya majina. Mimi, kama Mukongomani yeyote, niko na majina matatu. Noko akayabananisha mawili katika kimoja kama abiria. Kisha ikauliza namba ya simu, naye akaandika yake bila kuniuliza.

“Ya kwenu kule inapoteaka rezo,” akasema. “Sistemu inatuma kode, tarakimu sita, na inakupa dakika tatu tu. Yangu haikosake rezo hata siku moja.”

Simu yake ikalia, akaisoma ile kode, akaiandika, ombi likaenda. Kweli, dakika kumi! Nilimwona yule motari kuwa mtu asiye na imani.

Jumanne asubuhi, buro, ofisi ya vibali. Mlangoni kuna tangazo linalosema hakuna tena karatasi, kila kitu ni katika mashine. Chini yake kuna tangazo jingine: mlete ombi lenu limechapwa mara tatu. Nikarudi Mudzipela kwa miguu, nikachapisha, nikarudi tena. Nikaambiwa koneksio, intaneti yao, imekatika.

Kwenye banki ya nje, benchi la mbao, nilikaa karibu na Mama Zawadi, mwenye salo ya kusuka nywele. Alinisogezea nafasi, akakata andazi lake katikati akanipa nusu.

“Weye ni mara ya kwanza?” akauliza.

“Ya kwanza, Mama.”

“Inaonekana. Uko bado na sura ya mutu.” Akacheka, kisha akaacha. “Mimi salo yangu ilifungwa juu ya kibali. Miezi mitano. Basichana wangu bote bameenda kusuka kwa bengine. Sasa inabakia sinyatire moja tu, sahihi ya mukubwa.”

Tulikaa mpaka saa tisa. Koneksio haikurudi. Mlinzi akafunga mlango kama mtu anayefukuza kuku.

Jumatano, saa nne. Koneksio ilirudi. Madamu Chantal, ajenti wa buro, aliniita mbele ya skrini yake. Ni mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka.

“Petit, mudogo wangu, sistemu inasema namba hii iko na dosie ingine, ombi ingine. Weye uko na salo?”

“Salo gani, Madamu?”

“Ya kusuka nywele. Iko hapa, inangojea sinyatire. Namba moja ni dosie moja. Nikifinya hapa, yako inaingia, ile ya salo inajifuta. Nifinye?”

Nilitazama ile namba. Ilikuwa ya Noko.

“Ikijifuta, mwenyewe anafanya je?”

“Anaanza tena. Tangu mwanzo.”

“Na Madamu hawezi kubadilisha namba tu?”

“Mimi?” Alicheka bila furaha. “Mimi mwenyewe sistemu ilinikataa wiki mbili, iliandika nimekufa. Jibu, petit, koneksio haingojeake.”

Nataka niseme ukweli kwa ndugu zangu wanaosoma: nilifikiri. Niliyafikiria maziwa chini, na mlango wa njano, na mwezi uliokuwa unaisha. Hakuna ambaye angejua. Lakini kupitia dirisha niliona kisogo cha Mama Zawadi pale kwenye banki, na bado nilikuwa na ladha ya andazi lake mdomoni.

“Usifinye,” nikasema. “Futa yangu.”

Akafuta. Hapo ndipo akaniambia kwamba ombi lililofutwa linaanzwa tena Jumatatu tu, hapo hapo buro, kwa namba yenye jina langu. Yaani ile laini iliyokuwa Aveba, mfukoni mwa mama yangu!

Nikatoka nje nikitaka kupiga ukuta teke. Badala yake nikamwambia Mama Zawadi aingie haraka, nikamweleza kwa nini. Alitoka na karatasi yake imetiwa sahihi, na hakuwa anacheka.

“Jumatatu unatuma nani hapa?” akauliza.

“Sina mutu, Mama. Simu haiwezi kutoka kule mbele ya ng'ombe kuzaa. Mimi nitakuwa kule juu ya kilima kungojea kode.”

“Haya, leta kopi ya karte yako. Mimi nitakaa hapa.”

Jioni, Mudzipela. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Noko alifungua daftari lake: salo, mikate, farmasi, muuza mbao, wote kwa namba yake. Akaligeuza polepole, akaelewa kabla sijamaliza kusema: kila ombi jipya lingeweza kufuta la mwenzake.

“Nilitaka tu kusaidia batu,” akasema.

Ningegomba vipi na mtu kama huyo? Nilimsaidia kuandika kwa makaa kwenye ubao wa mlango: KILA MUTU NA SIMU YAKE. Kisha akaanza kuwatafuta wateja wake mmoja mmoja.

Alhamisi, njia ya kurudi. Motari alikuwa yule yule. Alitazama shati langu, hakuuliza kitu. Mungu ambariki.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu, kilimani juu ya Aveba. Nilipanda na mama, na ndama, ambaye hatimaye alikuwa amezaliwa, akatufuata pamoja na ng'ombe aliyemzaa. Mama Zawadi akapiga kutoka buro: “Wametuma kode!” Nikakata ili niisome. Haikuja. Ilikuja baada ya dakika nne, imeshakufa. Mara ya pili rezo ilikwenda yenyewe, ikarudi ilipotaka. Nilitukana sistemu kwa lugha zote ninazozijua, mpaka mama akaninyang'anya simu, akasimama juu ya jiwe, akainua mkono.

Ikalia. Akasoma tarakimu sita kwa sauti ya kuita ng'ombe. Nikampigia Mama Zawadi, nikazirudia huku nikikimbia mahali pamoja.

“Imekubali!” akapiga kelele. Nyuma yake nilimsikia Madamu Chantal akiuliza kitu. “Anasema avenue gani, jina ya barabara? Bila avenue inakatala!”

“Huku haiko avenue, Mama! Siye tuko hapa tu, kwenye kilima cha rezo!”

“Na numero?”

“Haiko hata nyumba ingine, Mama!”

Rezo ikakatika.

Karatasi ilifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, mfukoni mwa yule motari. Imeandikwa kwamba kiwanda changu kiko Avenue Kilima cha Rezo, numero 1. Majina yangu bado yamebanana katika visanduku viwili. Mwenye restora aliisoma, akaridhika, akachukua kumi.

Nilichojifunza? Kwamba ukienda kwa dakika kumi, beba mashati manne. Kwamba simu yako ukae nayo mwenyewe, hata kama mjomba wako anakupenda. Na kwamba Mama Zawadi alifunga salo yake asubuhi nzima, ndiyo kwanza imefunguliwa, ili akae kwenye ile banki kwa jina langu. Fromaji ya kumi na moja ya wiki ile ilikwenda kwake.

Mlango bado sijaupaka rangi. Kwanza nilisimamisha kilimani ubao wenye anwani yangu mpya, nikaupaka njano, kwa sababu serikali ikija kukagua, huko ndiko itakakoenda.