Nilimsimamisha Ubaoni Mbele ya Mkwewe

Wenzangu, kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Nisingekuwa nimesoma, ningesema sikujua. Bahati mbaya nina digrii ya ualimu.

Nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima huku Izigo, saa kumi alasiri, watu wakitoka shambani. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Ma Koku, mama wa miaka sitini. Alitaka jambo moja tu: kusoma mwenyewe meseji za binti yake mdogo aliyeolewa kisiwani Bumbire. Zote alisomewa na majirani. "Wananiongezea chumvi, mwalimu," alisema.

Kisha akajiunga mume wa binti yake mkubwa. Kwetu Wahaya, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Ma Koku akahamia nyuma, akageukia ukuta, akaendelea kusoma hivyohivyo. Na alikuwa anajifunza!

Mimi msomi nikaona ni ushamba. Jamani, kiburi! "Humu hakuna mkwe, kuna wanafunzi!" nikatangaza. Nikamwita Ma Koku ubaoni, nikampa mkwewe fimbo ya kuonyeshea silabi.

"Mwalimu, niache," alinong'ona.

"Soma, mama!"

Mkwewe alitazama miguu yake mwenyewe. Ma Koku akajifunika khanga usoni, akatoka. Daftari akaliacha mezani.

Nimekwenda kumwomba radhi mara nne. Ananikaribisha, ananipa kahawa ya kutafuna, ananiuliza hali ya migomba yangu. Nikitaja darasa: "Umesoma sana, mwalimu. Mimi yamenitosha."

Basi nimfundishe hapohapo nyumbani? Akacheka. "Kila nikiona herufi, namwona mkwe."

Sasa mimi ndiye msomaji wake. Ole wangu! Juzi alinipa simu, nikasoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma:

"Mama, umefika wapi na kusoma? Nina jambo la ndoa yangu. Kupiga siwezi, hapa wananisikia. Nitakuandikia siku utakayoweza kusoma peke yako."

Ma Koku akasema, bila kunitazama, "Mjibu kwamba bado najifunza."

Nikaandika. Kwa vidole hivihivi vya digrii!

Nyie mnaofundisha, mkimwona mtu anajifunza huku ameelekea ukuta, mwacheni na ukuta wake. Mimi nimeuondoa. Na huko Bumbire kuna binti anasubiri mama yake amalize masomo.