Kilio cha Fisi Nikiwa Edani

Watoto wa shule wanaoletwa kwenye bustani ya wanyama hapa Mbagala huambiwa kwamba aliyeianzisha ni Sadallah. Sadallah, aliyekuwa akiziba pua kila akipita uani kwetu!

Aliyeianzisha ni marehemu mume wangu, Mwishehe, pamoja nami. Alikuwa dereva serikalini. Mwaka 1988 walipopunguza watu kazini naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na kuanza kugonga mabanda. Watu wakamletea kima walionaswa mashambani, nungunungu, hata chatu. Fisi aliletwa usiku, kichanga, mama yake ameuawa karibu na machinjio ya Vingunguti. Nikamwita Chausiku. Nilimlea kwa chupa, na alipoota meno nikawa namfuatia mapafu kulekule Vingunguti, ndoo kichwani. Watu wakaanza kuja kutazama, wakalipa kiingilio, tukala.

Mwishehe akafariki mwaka 1993, nikaingia eda. Mdogo wake, Sadallah, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, wewe kaa eda yako. Wanyama niachie mie."

Nikamwamini.

Haukupita muda mrefu Chausiku akaanza kulia. Nikamuuliza jirani yangu Zuena, aliyekuwa akiniletea chakula, kuna nini.

"Hajala, dada. Shemeji yako anasema machinjio yamefungwa."

"Vingunguti ifungwe, mji huu ule nini?"

Zuena akaenda kununua mapafu mwenyewe. Lakini alipofika bandani Chausiku akajirusha kwenye waya, Zuena akatupa ndoo akakimbia. Akarudi kwangu kiatu kimoja.

"Mtoto wako huyo simuwezi! Kamlishe mwenyewe."

Kilio kile kiliendelea. Nilikaa, nikashindwa kukaa. Nikajitanda kaniki mpaka usoni, nikatoka.

Sadallah alikuwa pale bandani na wazee wawili wa ukoo, wanakunywa kahawa. Mnyama analia kwa njaa, wao wanakunywa kahawa.

"Haya, si niliwaambia atatoka? Mmeona kwa macho yenu," akasema. "Shemeji, siku hizi fisi ndiye mumeo?"

Wakacheka. Nikaokota mapafu mchangani, nikamlisha Chausiku mbele yao.

Ukoo ulipokaa kugawa mirathi, hilo ndilo lililosemwa: mwanamke huyu hakumheshimu marehemu, eda yenyewe ameivunja. Hakuna aliyeuliza nani alimwacha mnyama na njaa. Nikapewa kitanda na cherehani. Bustani ikawa ya Sadallah, na getini akatoa amri nisiingie.

Nimepanga chumba nyuma ya ukuta wake. Chausiku amezeeka sasa. Upepo ukimpelekea harufu yangu huja kulala upande wa huku, nami humwita jina, naye hukoroma. Sadallah ameshamtuma mtu kunikanya.

Wanawake wa mtaani bado wananiita mvunja eda. Wacha waite. Akilia tena vile, natoka.