Mkono wa Mama Utosini

Nina miaka sitini na tisa, nina wajukuu saba, na bado namwonea wivu mwanamke anayeitwa Eleni.

Mama yangu ana majina matatu. Kwao, magharibi ya Mlima Meru, ni Namnyaki. Wakati wa Mwingereza, akiwa na miaka kumi na minne, alikwenda kulea mtoto wa Mgiriki mwenye shamba la kahawa, na huko wakamwita Maria. Alipotaka kuolewa na baba, mwalimu Elihuruma, Mlutheri wa Machame, akabatizwa Elizabeti. Majina yote aliyaitikia bila kinyongo. Mwenye kinyongo ni mimi.

Mtoto wa Mgiriki ndiye Eleni. Mama alimbeba mgongoni, akamfundisha Kimaasai, akamfundisha na salamu ya kwao. Mtoto huinamisha kichwa, mkubwa humwekea mkono utosini na kusema, "Takwenya." Mtoto hujibu, "Iko."

Mimi nilizaliwa Eleni akiwa na miaka sita. Baba alikuwa mpole, ila kwa hilo hakutaka mjadala. Nyumbani kwake ni Kiswahili na shikamoo. Kugusana vichwa ni mambo ya kabla ya Injili. Mama akatii. Kila asubuhi aliniacha kwa bibi akaenda kumchana Eleni nywele. Mkono wake ulinipikia, ukanifulia, na kunichapa ukanichapa. Utosini haukufika.

Shamba lilipotaifishwa, Wagiriki wakaondoka. Mama alilia wiki nzima. Mimi nilifurahi mpaka nikaenda kanisani bila kutumwa.

Mwezi uliopita Eleni alirudi. Gari la kukodi lilimshusha hapa kwangu Olasiti, bibi kizee mwenye mkongojo. Mama alikuwa barazani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona vivuli tu. Eleni alinipita, akaenda moja kwa moja akainama mbele yake.

"Yeyo," alisema, yaani mama kwa Kimaasai.

Mkono wa mama ukapanda wenyewe. "Takwenya."

"Iko."

Wakalia wote wawili. Nikaenda kuchemsha chai, na katika vikombe vyote nikamchagulia kile chenye ufa. Roho mbaya, najua.

"Magreth, una bahati sana," Eleni aliniambia akinywa. "Miaka yote umekuwa naye."

"Jioni," nikamjibu. "Alikuwa anarudi jioni, amechoka."

Akaweka kikombe chini. Baadaye aliaga, nikamsindikiza hadi getini kwa adabu zote nilizofundishwa na baba.

Niliporudi, mama alikuwa palepale, kanga imemteremka begani. Nilikwenda kumfunika. Sijui ni nini kiliniingia. Niliinama kama nilivyomwona yule mwingine akiinama, nikangoja, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Mkono ukaja. Ulikuwa mkavu, wenye joto, mzito kuliko nilivyodhani miaka yote hiyo. Ukatulia utosini.

"Takwenya, Eleni," mama akasema. "Kumbe hujaondoka."

Ningesema, mama, ni mimi Magreth, angeuondoa akaniuliza chakula kiko wapi.

"Iko," nikajibu.