Kura ya Mdomo Rwamgasa

Nilikuwa nasomea shahada kwa masafa huku nikifundisha historia katika sekondari moja pale Nyasubi, na mada niliyopangiwa kwa insha ya mwisho ilikuwa uchaguzi wa bunge la jimbo la Virginia, Marekani, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Sikuiomba. Mwenzangu wa kozi hiyohiyo alipewa njia za misafara ya Wanyamwezi, ambazo zilipita karibu na kwetu. Mimi nikapewa Virginia. Likizo ilipofika nikatia vitabu kwenye begi nikaenda Rwamgasa kwa kaka yangu, nikiamini kwamba kule hakuna atakayenisumbua kwa maswali.

Kaka ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wakati huo alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji. Cheo hicho alikuwa amekishika muda mrefu kiasi kwamba watu walimwita Mwenyekiti hata kanisani. Uchaguzi ulikuwa Jumamosi ya wiki ileile, na aliyejitokeza kushindana naye alikuwa mama mmoja mjane aliyewauzia wachimbaji maji ya kuoshea mchanga. Kaka hakumhesabu kuwa mpinzani. Alisema ni vizuri awepo, uchaguzi upendeze.

Jioni moja akanikuta mezani akauliza nasoma nini. Nikamweleza. Kule Virginia wapiga kura walikusanyika mahakamani. Ofisa wa serikali aliketi kwenye meza, wagombea wakiwa pembeni yake, na kila mpiga kura alisogea mbele akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, anamchagua nani. Aliyetajwa alisimama, akainamisha kichwa, akamshukuru. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Na kabla ya siku hiyo wagombea waliwapa watu nyama na pombe. Aliyebana mkono alionekana hawapendi wananchi.

Kaka alisikiliza kwa makini kuliko darasa langu lolote. "Hao walikuwa watu waaminifu," alisema.

Nikaona nimalizie. Nikamwambia waliopiga kura walikuwa wanaume weupe wenye ardhi tu. Wanawake hawakuisogelea meza ile, wala maskini, na watu weusi wengi walikuwa watumwa wa haohao waliokuwa wakiinamishiana vichwa. Mimi na yeye tungekuwa nje tumeshikilia farasi. Kaka akafikiri kidogo, kisha akasema hiyo sehemu tuiache, tuchukue ile ya kusema kwa sauti.

Sababu aliieleza bila kuficha. Uchaguzi uliopita alichinja ng'ombe, watu wakala, halafu karatasi zilipohesabiwa akapita kwa shida. Tangu hapo alikuwa akimtazama kila mwanakikundi akijiuliza ni nani aliyekula ng'ombe wake kisha akaandika jina lingine. Mtu akisimama mbele ya mwenye nyama, alisema, mdomo wenyewe utamkumbuka aliyeulisha.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa pembeni akichambua mchele. Aliuliza swali moja tu: kule Virginia mgombea alimshukuru hata mtu aliyemtaja mwenzake? Nikamjibu kwamba aliyeshukuru ni yule aliyetajwa. Kaka akasema yeye atamshukuru kila mtu, maana hawezi kuzidiwa adabu na Mzungu aliyekufa zamani.

Jumamosi ng'ombe alichinjwa, pilau ikapikwa, soda zikaletwa kwa kreti. Pombe hakutoa, kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Mkutano ulianza watu wakiwa wameshiba. Kaka akapendekeza kura ya mdomo, akaieleza Virginia vizuri kuliko nilivyoieleza mimi, akiruka pale alipokusudia kuruka. Afisa maendeleo wa kata, aliyekuja kusimamia, akapekua katiba ya kikundi akaona haikatazi. Mama muuza maji alipoulizwa, akasema kama wenzake wameridhika yeye hana neno. Mikono ikanyooshwa. Ni vigumu kumkatalia mtu huku bado unachokonoa nyama yake kwenye meno.

Meza ikawekwa chini ya turubai, afisa katikati, wagombea huku na huku. Wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa karashani kwake, wote wakamtaja kaka. Kila mara alisimama, akainama, akasema "Wabeja", asante ya Kisukuma, kwa upole ulionigusa. Kisha akaja wifi. Wifi ni mwanachama kwa haki yake, ana hisa kwenye shimo moja la wachimbaji, na kaka mwenyewe ndiye aliyempanga mbele awe mfano kwa wanawake wengine.

Alisogea, akamsalimia afisa, akamtaja mama muuza maji. Hakupaza sauti wala hakunong'ona.

Mama muuza maji alisimama kushukuru. Ndipo kaka naye akasimama. Aliinama mbele ya mkewe, akasema, "Wabeja."

Hakuna aliyecheka. Lakini kuanzia hapo mstari ulikwenda mbio. Ikiwa mke amesema, mtu baki ataona aibu gani? Watu waliokuwa wakitazama chini waliinua vichwa, wakamtaja mama wa maji mmoja baada ya mwingine, na kaka akasimama kwa kila mmoja wao. Mgongo ulizidi kuwa mzito. Sauti ilibaki ileile. Wachache waliomtaja yeye walisema kama wanaoomba radhi. Nilitamani kumwambia akae tu. Hakukaa mpaka wa mwisho alipopita.

Nyumbani wifi akatenga ugali. Kaka akanawa, akala matonge machache, akauliza kwa nini.

"Tangu uwe mwenyekiti, karasha naisimamia mimi," wifi alisema. "Nimekuambia chumbani, ukasema tutaongea baada ya kikao. Leo nimekuambia kikaoni."

Kaka akanitazama mimi, kana kwamba Virginia niliileta kwenye begi, na kwa kweli nilikuwa nimeileta. Angegomba ningemwelewa. Alijiongezea mchuzi, kisha akasema ng'ombe yule alikuwa mnono mno kwa kazi aliyoifanya. Wifi ndiye aliyecheka kwanza.

Jumatatu kaka alikuwa karashani, vumbi mpaka kwenye kope, akiwakaripia mafundi kwa mambo ambayo wifi alikuwa ameyaruhusu kwa miaka. Mwenyekiti mpya alikuja kumwomba awe mshauri wake. Alikubali kwa sharti kwamba vikao viwe vifupi.

Katika mkutano uliofuata wanachama waliomba karatasi na sanduku virudi, kwani wengi walikuwa wakiona taabu kukutana na kaka njiani. Hoja ilipita kwa kunyoosha mikono. Waliopinga walikuwa kaka na mkewe, wamekaa benchi moja.